Wachumaji wa Kike na Maradhi ya Njia ya Mkojo



Khabari za bei, za magunia na za majamvi zimo katika kurasa nyengine za toleo hili. Hapa twaomba ruhusa kusema juu ya jambo ambalo halijapata kuandikwa katika gazeti letu, nalo ni maradhi ya njia ya mkojo yanayowapata mabinti na wake wachanga wanaochuma na kuchambua karafuu zetu. Tulipolitaja katika kikao cha kamati, mzee wetu mmoja alituuliza kwa upole ikiwa chama cha wakulima kimegeuka kuwa zahanati. Mzee tunamheshimu, lakini katika hili hatukuafikiana naye. Mkarafuu usio na mchumaji ni mti wa kivuli tu. Na juu ya hayo, twaona kuwa sehemu ya taabu hii, ingawa si yote, inatoka kwetu sisi wenye mashamba.

Hebu itizameni siku ya mchumaji wa kike. Hutoka kwao kabla ya jua, akafika shambani na umande. Wanaume hupanda juu, yeye na wenziwe hushika matawi ya chini na yale yanayofikiwa kwa ngazi. Malipo ni kwa pishi, kwa hivyo kila anapoondoka chini ya mti huhesabu alichopoteza. Choo hakuna. Vichaka viko, lakini mkarafuu mkubwa una urefu wa kupita paa la nyumba, na kila mti una mtu juu yake. Macho yote yako juu, na mwanamke mwenye haya zake hana pahala pa kujificha. Basi afanyeje? Hufanya wanavyofanya wengi: asubuhi hanywi maji, mchana hunywa funda mbili, na haja ndogo huizuia mpaka arudi nyumbani. Jioni hukaa chini kuchambua makonyo mpaka usiku. Sisi tuliobahatika kuumbwa wanaume hatulijui hilo, kwani sisi huenda nyuma ya mti wo wote tukarudi tukiimba.

Sasa tueleze maradhi yenyewe. Katika matumbo ya kila mtu, mzima na mgonjwa, mna vijidudu vingi ambavyo havina madhara vikiwa pahala pao. Kimoja katika hivyo madaktari hukiita Escherichia coli, kwa jina la Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyekieleza mwaka 1885. Kijidudu hicho kikitoka kwenye njia ya choo kikubwa kikaingia katika njia ya mkojo, hupanda mpaka kwenye kibofu, hujigandisha humo na kuzaana, na kibofu hufanya uvimbe na uchungu. Mwanamke hupatwa zaidi kuliko mwanamme kwa sababu ya maumbile: mrija wake wa mkojo una urefu wa kama sentimita 4, na wa mwanamme hufika kama 20; tena mlango wake uko karibu na njia ya choo kikubwa. Safari ya kijidudu ni fupi. Yakadiriwa kuwa katika kila wanawake wawili, mmoja hupatwa na maradhi haya japo mara moja katika umri wake. Kwa hivyo haya si maradhi ya watu fulani, wala si ya mtu mchafu. Wako waliotwambia, "Sisi twastanji kwa maji kila siku, yatupate wapi?" Kustanji kwa maji ni jambo jema, na lililo jema zaidi ni kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, lakini mwanamke msafi kabisa naye hupatwa. Na anayezidisha usafi kwa kutia sabuni kali au manukato ndani hujidhuru, kwani huviua vijidudu vyema ambavyo ni walinzi wa pahala hapo.

Dalili zake si za kuficha. Mkojo huunguza unapotoka. Haja huja mara kwa mara, na kila mara hutoka matone. Huja kwa ghafla pia, hata mtu akaogopa kuwa hatafika. Chini ya kitovu huuma. Mkojo huwa na ukungu, pengine na harufu nzito, na pengine huwa na damu. Mwanamke kijana aliyekuwa mzima, akaanza kuungua na kwenda haja mara nyingi, wala hana uchafu wala mwasho usio wa kawaida ukeni, aghlabu ana maradhi ya kibofu, na tabibu mzoefu huweza kuyatambua kwa maelezo yake tu.

Lakini iko mipaka ambayo kila mwenye binti, mke au mchumaji aijue, maana ng'ambo yake ni khatari. Akipata homa na kutetemeka, akaumwa na ubavu au mgongo chini ya mbavu, akatapika, basi vijidudu vimeshapanda kwenye mafigo. Huyo hangojwi mpaka kesho wala mpaka karafuu ziishe kuanikwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani maradhi ya figo yakiachwa huweza kuingia katika damu na kumwua mtu. Mja mzito naye hana cha kungoja hata asipokuwa na homa: maradhi haya kwake hupanda kwenye figo kwa wepesi, na huweza kuleta uchungu wa kuzaa kabla ya wakati. Wako waja wazito wenye vijidudu katika mkojo wasiosikia lo lote, na ndiyo sababu kliniki hupima mkojo wa kila mja mzito. Anayekosa kliniki kwa ajili ya kuchuma hukosa kipimo hicho. Tuliwahi kusikia mwenye shamba akijisifu kuwa wachumaji wake hawakosi hata siku moja. Sisi hatukuona cha kujisifia.

Hapa kisiwani petu kuna jambo jengine la kuchanganya, nalo ni kichocho. Kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha njia ya mkojo, na alama yake kubwa ni mkojo wa damu. Wadudu wake hukaa ndani ya konokono wa maji baridi, katika mito na mabwawa, na humwingia mtu kupitia ngozini anapofua, anapooga au anapovuka. Serikali na wataalamu wamefanya kazi kubwa ya kukipunguza, khasa kwa kugawa dawa ya prazikwanteli maskulini na majumbani, wala hakijatoweka. Binti mwenye mkojo wa damu ambaye hufua mtoni asidhani tu kuwa ni kibofu, na asidhani tu kuwa ni kichocho. Apimwe. Dawa ya kimoja haiponyi cha pili. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi katika mkojo wa mchana, baina ya saa nne na saa nane, na kwa kipimo hicho mkojo wa wakati huo ndio ufaao. Kichocho huweza pia kuzidhuru sehemu za uzazi za mwanamke, kikaleta maumivu na damu, na wengi wenye taabu hiyo wamedhaniwa kuwa na maradhi ya zinaa.

Na hapo ndipo tulipotaka kufika, kwani haya yanavunja nyumba. Katika mambo yanayojulikana na madaktari ni kuwa maradhi ya kibofu humpata mwanamke zaidi anapokutana na mumewe, na khasa siku za mwanzo za ndoa. Sababu yake ni nyepesi: vijidudu vyake mwenyewe vilivyoko nje husukumwa kuingia katika ule mrija mfupi. Basi yatokea kuwa bibi harusi aliyeingia nyumbani mzima, kabla ya fungate kwisha anaungua mkojo. Hana la kusema. Akisema kwa mumewe, mume huuliza umeyatoa wapi. Akisema kwa mavyaa, mavyaa hunyamaza kimya kile tunachokijua, kisha jioni khabari imeshafika kwa jirani. Mume naye pengine hushukiwa na upande wa mke kuwa ndiye aliyeyaleta. Watu wawili ambao hawajazoeana huanza maisha kwa kutizamana kwa jicho la pembeni, na hali kosa halina mwenyewe.

Tuseme wazi, maana tangu chuoni tumefundishwa kuwa katika kutafuta elimu hakuna haya: maradhi ya kibofu si maradhi ya zinaa. Si ushahidi wa mwenendo wa mke kabla ya ndoa, wala wa mume. Mume, kwa kawaida, hahitaji kutibiwa. Binti ambaye hajaolewa huyapata. Mwanamke mwema kwa wema huyapata. Bibi kizee aliyefiwa na mumewe miaka ishirini huyapata. Linalomfaa mke mchanga ni kuambiwa na somo wake, kabla ya siku ya harusi, kuwa taabu hii iko, kuwa baada ya kukutana na mumewe aende haja ndogo bila ya kukawia, na kuwa akiungua aseme. Makungwi na masomo hufundisha mambo mengi mazuri. Hili dogo lingewaokoa wari wengi, nasi tunawaomba waliongeze katika mafunzo yao. Ama ikiwa pamoja na kuungua pana usaha, uchafu wenye rangi, au vidonda, hapo ni jambo jengine, na mke na mume wote wawili waende wakapimwe, pamoja na bila ya kelele. Hata hilo ni la daktari kulisema. Si la mavyaa.

Kunyamaza huko ndiko kunakowapeleka mabinti dukani. Huenda jioni, wamejitanda, wakanunua kapsuli mbili za rangi mbili au vidonge vinne vya amoksilini kwa fedha waliyonayo, bila ya kueleza wanaumwa nini na bila ya kuulizwa. Siku ya pili uchungu hupungua, na vidonge vilivyobaki, vikiwapo, huwekewa dada mtu. Wako pia wanaopona bila ya dawa yo yote, kwani mwili hujipigania, na hilo huwafanya watu waisifu dawa ambayo haikufanya kitu. Lakini kwa wengine vijidudu vilivyonusurika na dozi ya nusu huwa vimejifunza. Amoksilini peke yake ilikuwa dawa ya kutegemewa zamani. Leo, duniani kote, vijidudu vingi vya kibofu havisikii. Tukiendelea kuuziana vidonge viwiliviwili tutazipoteza na hizo nyengine zilizobaki.

Twajua wako wanachama watakaosema, na dawa ya nyumbani? Tungependa kuwa wa kwanza kusema kuwa dawa ya maradhi haya ni karafuu, maana lingekuwa tangazo zuri kwetu na kwa kiwanda cha makonyo kule Wawi. Ni kweli kuwa mafuta ya karafuu huviua vijidudu katika chupa ya maabara, na wenye meno mabovu wanayajua. Lakini chupa si kibofu. Hatujui uchunguzi ulioonyesha kuwa maji ya karafuu yanaponya maradhi haya, na mafuta ya karafuu yakinywewa huweza kulidhuru ini, khasa la mtoto. Kikombe cha chai ya karafuu hakina ubaya. Asinyweshwe mtu mafuta.

Njia iliyo sawa ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye kuungua aende kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Wete, Chake Chake, Mkoani au Micheweni, kwa hadhari asipitishe siku ya pili. Akiona haya kwa tabibu mwanamme, aombe kuonana na mwanamke. Kuomba si utovu wa adabu. Aseme mambo manne bila ya kuulizwa: yalianza lini, ana homa au hana, ana mimba au huenda akawa nayo, na ni dawa gani ameshaimeza. Hilo la mimba lisifichwe hata kidogo, kwa kuwa ziko dawa zisizomfaa mja mzito. Akitakiwa mkojo, ajisafishe kwanza, aache wa mwanzo umwagike, kisha akinge wa katikati katika kikopo safi. Hutiwa kijiti chenye vijiraba vinavyobadilika rangi, na jawabu hupatikana kwa dakika chache. Pakiwa na shaka, au maradhi yakiwa yanarudi rudi, hupelekwa maabara vijidudu vikaoteshwa, ijulikane dawa gani inaviua. Hiyo huchukua siku mbili tatu.

Dawa yenyewe si ya muda mrefu. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kimetaja, kwa mwanamke asiye na homa wala mimba, dawa kama nitrofurantoini kwa siku 5, au kotrimoksazoli kwa siku 3 pale ambapo vijidudu havijaizoea. Hatutaji majina haya ili watu wakanunue. Twayataja ili ijulikane kuwa mtu hatibiwi mwezi mzima, na kwamba siku tano si nyingi za kuvumilia mpaka kidonge cha mwisho. Asipopata nafuu kwa siku mbili, arudi. Yakimrudia mara tatu katika mwaka, aseme, kwani hilo nalo lina matibabu yake.

Tumebakisha maji. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa nchini Bulgaria kwa wanawake 140 ambao hawajakoma hedhi. Wote walikuwa wamepatwa na maradhi ya kibofu mara tatu au zaidi katika mwaka mmoja, na wote walikuwa wakinywa kidogo, chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliambiwa waongeze lita moja na nusu ya maji kila siku, na nusu waliachwa na desturi yao. Mwaka ulipokwisha, walioachwa walikuwa wamepatwa, kwa wastani, mara 3.2 kila mmoja, na walioongeza maji mara 1.7. Nusu ya maradhi yaliondoka kwa maji matupu! Wale ni watu wa nchi ya baridi. Sisi tuna jua la Pemba, na mchumaji anayetoka jasho mchana kutwa. Kinachovitoa vijidudu ni mkojo wenyewe kupita. Asiyekunywa hana cha kupitisha, na anayezuia huvipa vijidudu muda wa kuzaana. Katika miaka ambayo Ramadhani huangukia ndani ya mavuno, anayefunga na azidishe maji baina ya futari na daku. Na aliye mgonjwa anaijua ruhusa yake.

Lakini tutamwambiaje mchumaji anywe maji, na hali tumemnyima pa kuyatoa? Hapo maneno ya daktari hukoma na yetu huanza. Kamati inakusudia kuleta katika mkutano mkuu, kabla ya mavuno ya mwaka, pendekezo kwamba kila shamba linalochukua wachumaji wa kike liwe na choo kimoja chao, chenye paa. Paa si anasa, kwani bila ya hilo walio juu ya miti wanaona kila kitu. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko. Uwekwe mtungi au dumu la maji ya kunywa chini ya kila kundi la miti, si nyumbani kwa mwenye shamba. Na mchumaji anayesema anaumwa apewe ruhusa ya kwenda kutizamwa siku hiyo, bila ya kuulizwa mbele ya watu anaumwa nini, na nafasi yake ya kuchuma aikute.

Tunajua jawabu la wengine: fedha. Shimo, miti, makuti na vibarua wawili wa siku mbili vina gharama, na mwaka wa karafuu chache gharama hiyo huonekana. Lakini mchumaji aliyelazwa kwa figo wiki moja, karafuu zikapasuka mtini zikawa mpeta, hizo nazo ni fedha, na hatujazihesabu kwa sababu hakuna aliyetwambia kwa nini hakuja. Wenye mashamba madogo yaliyopakana wanaweza kuchangia choo kimoja baina yao. Na wake zetu na binti zetu, ambao nao wamo katika kuchuma na kuchambua, watakitumia hicho hicho.

Mwanachama mwenye mabati makuukuu au miti asiyoihitaji atupe khabari kabla ya mkutano, na mwenye kujua fundi wa kuchimba asiye ghali kadhalika. Orodha ya mashamba yaliyokwisha kuwa na choo tutaibandika mlangoni mwa ofisi.

Katibu